UZI: Magonjwa sugu ya SUV za familia zilizotumika, na namna ya kukadiria gharama za matengenezo kabla hujalipa

Mwanzisha uzi

Wakuu, heshima mbele.

Maswali mengi yanayoulizwa kuhusu SUV zilizotumika, hasa Nissan X-Trail, Toyota RAV4, Subaru Forester na Honda CR-V, huhusu bei ya spea: giaboksi inauzwaje, gasketi inauzwaje, sensa inauzwaje. Ni maswali ya haki, lakini hayamsaidii sana mnunuzi, kwa sababu bei ya kipuri peke yake haisemi mengi kuhusu bili atakayokabidhiwa gereji. Gasketi ya silinda hedi ni bapa jembamba la chuma ambalo mtu hulishika kwa vidole viwili, na bado kuibadilisha ni miongoni mwa kazi ghali kabisa katika gari. Kinachoamua gharama ni mambo mawili: ni vitu vingapi vinabidi vifunguliwe ili kukifikia kilichoharibika, na ni vitu vingapi vingine vitaharibika iwapo hicho kimoja kitaachwa kiendelee. Kwa kipimo hicho nitapitia maeneo yanayosumbua zaidi, na nitakaa zaidi pale penye hela nyingi.

Nianze na giaboksi. X-Trail ya kizazi cha kwanza, yaani T30, ikiwa ni otomatiki ina giaboksi ya kawaida ya gia nne. Kuanzia T31, iliyotoka mwaka 2007, zile za petroli zilizo otomatiki zilikuja na CVT iliyotengenezwa na Jatco, na hapo ndipo kilio kilipoanzia. CVT haina gia zinazopokezana. Ina puli mbili na mkanda wa chuma unaobanwa katikati yake kwa shinikizo la oili, na oili hiyo hiyo ndiyo inayopoza, inayolainisha na inayouwezesha mkanda kuzishika puli bila kuteleza. Oili ikichoka, ikipungua au ikiwa si ya aina yake, mkanda huteleza. Ukiteleza hukwangua uso wa puli. Unga wa chuma unaotokana na mkwaruzo huo huingia kwenye vali za ndani na kuzifanya zinate, shinikizo linashuka, na mkanda unazidi kuteleza. T31 hutumia oili ya daraja la NS-2 na T32, kizazi kilichoifuata, hutumia NS-3. Haidroliki ya kawaida, yaani oili ya giaboksi za otomatiki zenye gia, haifai humo hata kama imewekwa kidogo kwa ajili ya kujazia tu.

Ieleweke kwamba hili si jambo la mafundi wa mtaani kuzushia gari sifa mbaya. Nchini Marekani, Nissan yenyewe iliongeza dhamana ya CVT za magari yake ya kuanzia 2003 hadi 2010 ikafika miaka 10 au maili 120,000, ambazo ni kama kilomita 193,000, na miongoni mwa magari hayo ilikuwemo Rogue, ndugu wa karibu wa X-Trail T31.

Ukilijaribu gari la namna hii, usiridhike na mzunguko mfupi wakati giaboksi ingali baridi, maana ugonjwa wa CVT hujificha kwenye ubaridi. Liendeshe nusu saa hivi mpaka lipate moto vizuri, kisha tafuta mlima na uupande polepole huku ukiongeza mafuta kidogo kidogo. Giaboksi iliyo salama hupandisha mzunguko wa injini na gari likafuata kwa ulaini. Iliyoanza kuumwa hutetemeka kwa vishindo vidogo vinavyofuatana, au hutoa mlio mwembamba unaopanda kadiri mwendo unavyoongezeka, au mshale wa mzunguko unapanda huku gari likibaki pale pale. Nyingine, zikishapata joto sana, hupunguza nguvu zenyewe ili kujilinda, na dereva akidhani ni tatizo la injini huanza kubadilisha plagi na koili bure.

Gharama zake ziko katika ngazi tatu zilizo mbali mno moja na nyingine. Kubadilisha oili na filta ni kazi ya saa chache, bila kushusha chochote kikubwa. Kubadilisha vali bodi, yaani kipande kinachobeba zile vali za ndani, ni ngazi ya kati, kwa kuwa hufikiwa kwa kushusha sampu (bakuli la oili lililo chini ya giaboksi) huku giaboksi yenyewe ikiwa imebaki mahali pake. Mkanda na puli vikishaharibika, giaboksi nzima inashuka, na kwa gari lenye umri mkubwa bili hiyo inaweza kula sehemu nene ya thamani ya gari lenyewe. Mnunuzi asiyejua yuko ngazi ipi hana msingi wa kujadiliana bei.

Mfumo wa kupoza ndio wa pili, na kwa maoni yangu ndio unaodharauliwa kuliko yote. Mfano unaofundisha zaidi ni Nissan Pathfinder R51 za kuanzia 2005 hadi 2010. Rejeta yake ina ndani yake kifaa cha kupoza haidroliki ya giaboksi, na kuna nyingi ambazo ukuta unaotenganisha vimiminika hivyo viwili ulipasuka ndani kwa ndani, ambako hakuna jicho linalofika. Kipoza injini, yaani maji ya rejeta yenye dawa, kikavuka kikaingia kwenye giaboksi, haidroliki ikageuka kuwa mchanganyiko mzito wa rangi ya waridi, na giaboksi ambayo haikuwa na kosa lolote ikafa. Kipuri kilichoanzisha msiba ni rejeta, ambayo huondolewa na kurudishwa kwa saa chache tu. Mwenye Pathfinder ya miaka hiyo ambaye rejeta yake haijawahi kubadilishwa, aibadilishe ingali nzima, au haidroliki ipitishwe kwenye kifaa cha kuipoza cha pembeni kinachojitegemea.

Kwa Subaru Forester zenye injini ya EJ25 yenye kemshafti moja kila upande, ugonjwa unaojulikana ni gasketi za silinda hedi kuvuja. Mara nyingi huanza kwa kuvujisha nje, kwenye ukingo wa chini wa hedi, oili au maji yakionekana kama unyevu tu uliokamata vumbi. Katika hatua hiyo gari linatembea vizuri na mwenye nalo hana habari. Injini hii imelala, hedi zake zinatazama pande mbili za gari na nafasi ni finyu, hivyo mafundi wengi huona ni bora kuishusha injini kabisa kuliko kuhangaika nayo ikiwa ndani. Hedi hupelekwa kwenye mashine kusawazishwa uso, kisha hufungwa gasketi za chuma za tabaka kadhaa. Kwa kuwa injini iko nje tayari, mkanda wa taimingi, pampu ya maji na sili za mbele hubadilishwa hapo hapo. Nimewaona watu wakilalamika kwamba fundi anawaongezea orodha. Fundi anayeongeza orodha hiyo anawaokolea pesa, kwa sababu kila kimoja kati ya hivyo kikiharibika baada ya miezi kadhaa, kitadai kazi ile ile ya kufungua ilipiwe upya.

Kuna kipimo kimoja kisichohitaji mashine yoyote, nacho kinafaa kwa gari la aina yoyote. Mwombe muuzaji asiwashe gari siku hiyo mpaka ufike. Injini ikiwa imelala usiku kucha, binya mpira wa juu wa rejeta kwa mkono: unapaswa kuwa laini. Ukiukuta mgumu umejaa shinikizo, yaelekea gesi ya silinda inavujia kwenye maji. Kisha fungua mfuniko wa rejeta, jambo ambalo hufanywa injini ikiwa baridi tu, utazame ndani. Maji yawe yamejaa mpaka juu na yawe na rangi ya kipoza. Yakiwa na tope la kutu, aliyekuwa na gari amekuwa akijazia maji matupu. Yakiwa na utando wa mafuta juu yake, ondoka. Halafu mwombe fundi wako akague kama thamostati ipo, yaani vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Kuitoa thamostati ili gari lisichemshe ni kuficha ugonjwa, na injini iliyotolewa thamostati huchelewa kupata moto, hutumia mafuta zaidi na huchakaa upesi.

Sasa injini zinazokula oili. RAV4 ya kizazi cha tatu ilitumia injini ya lita 2.4 iitwayo 2AZ-FE, na baadhi ya zile zilizotengenezwa katikati ya muongo wa 2000 kuelekea mwishoni zilikuwa na pistoni na ringi ambazo huziba kwa masizi, oili ikashindwa kurudi chini na ikaungua pamoja na petroli. Toyota Marekani ilianzisha mpango wa kubadilisha pistoni na ringi kwa magari yaliyothibitika, na kipimo chake kilikuwa upungufu wa takriban lita moja kwa maili 1,200, sawa na kilomita 1,930 hivi. Katika soko la Marekani RAV4 ya 2009 ilihamia injini ya lita 2.5, 2AR-FE, ambayo haibebi sifa hiyo mbaya.

Dalili ya ulaji wa oili si lazima iwe moshi wa bluu. Injini inaweza kula oili nyingi bila moshi unaoonekana mchana. Kinachosema ukweli ni kijiti cha oili pamoja na kumbukumbu ya kilomita. Ubaya wake mkubwa uko kwingine: oili inayoungua hupaka na kuua kichocheo cha eksozi, yaani kifaa kinachosafisha moshi, ambacho ni kipuri ghali, na mwenye gari akibadilisha kichocheo bila kutibu ringi, kipya nacho hufuata njia ile ile. Kwa upande mwingine, ulaji mdogo unaoweza kufidiwa kwa kujazia kati ya sevisi si sababu ya kufungua injini. Kufungua injini kwa ajili ya ringi ni kazi kubwa kuliko thamani ya oili itakayojaziwa kwa muda mrefu.

Upande wa magurudumu manne kuna habari njema kwa wenye CR-V. Difu ya nyuma ya matoleo ya zamani yenye mfumo wa pampu mbili ikianza kuguna wakati wa kukata kona kali kwa mwendo mdogo, watu huambiwa difu imekufa. Mara nyingi oili yake tu ndiyo imechoka. Inamwagwa, inawekwa ile maalumu ya Honda ya pampu mbili, gari linazungushwa mizunguko kadhaa, na mlio unaisha. Ni matengenezo ya chini ya saa moja. Wenye Subaru nao wasichanganye tairi mpya na zilizochakaa: Subaru inataka tofauti ya mzingo kati ya tairi na tairi isizidi robo inchi, yaani kama milimita 6, kwa sababu tofauti kubwa huilazimisha klachi ya kugawa nguvu ifanye kazi muda wote hata barabarani kwenye lami, mpaka iungue.

Bushi, boljointi, stabilaiza linki, shokapu na beringi za magurudumu sitakaa nazo sana. Vinapiga kelele, vinafikika kwa urahisi, na kuchakaa kwake ni jambo la kawaida kwa gari zito. Kumbuka tu kupeleka gari kwenye alaimenti baada ya kuvibadilisha, la sivyo tairi zitalipia.

La mwisho ni taa ya injini. Msimbo unaosomwa na mashine hueleza kile ambacho kompyuta imekiona, na kazi ya kutafuta kipuri kilichoharibika hubaki ya fundi. P0420 husema kichocheo hakifanyi kazi ipasavyo, na inaweza kuwa ni eksozi inayovuja karibu na sensa. P0171 husema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli, na inaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya hewa iliyochafuka au pampu ya petroli iliyochoka. Nimeshuhudia gari lililobadilishwa sensa moja baada ya nyingine kwa kubahatisha, na mwishowe tatizo likawa kibano cha mpira wa hewa kilicholegea. Kabla hujaruhusu kipuri chochote cha bei kubwa kifungwe, mwombe fundi akuonyeshe kipimo alichokitumia kufikia uamuzi huo.

Mchangiaji wa kwanza

Ahsante mkuu kwa uzi ulioshiba. Nina swali. Nimepata X-Trail T31 ambayo inatembea vizuri, lakini muuzaji anasema oili ya CVT ni ya maisha yote na haijawahi kuguswa. Fundi wangu naye ananionya kwamba nikiibadilisha sasa, oili mpya itaiua giaboksi. Nimsikilize nani?

Mwanzisha uzi

Mkuu, wote wawili wana sababu ya kusema wanavyosema, ila hakuna aliye sahihi. Oili inayofanya kazi chini ya joto na shinikizo vile haiwezi kudumu maisha yote ya gari. Na hofu ya fundi wako imetokana na kwamba watu wengi hubadilisha oili baada ya giaboksi kuanza kutetemeka, nayo ilikuwa inakufa tayari. Ikifa wiki zinazofuata, lawama huiangukia oili mpya.

Fanya hivi kabla hujalipa. Gari lipandishwe juu, sampu ya CVT ishushwe, na wewe mwenyewe uwepo. Ndani ya sampu kuna sumaku ndogo. Zikiwa zimefunikwa na ute laini wa kijivu usiokwaruza ukiusugua kati ya vidole, huo ni uchakavu wa kawaida. Ukihisi chembe, au ukiona vipande vinavyometa, mkanda na puli vimeshaanza kulana na gari hilo usilinunue kwa bei inayotajwa. Zikiwa safi kiasi, futa sumaku, weka filta na gasketi mpya ya sampu, jaza NS-2 kwa kipimo huku joto la oili likiwa linasomwa kwa mashine, kisha urudie kumwaga na kujaza baada ya kilomita elfu chache. Usikubali kusukumiwa oili kwa mashine ya shinikizo. Baada ya hapo, kila kilomita 40,000 hadi 60,000 panafaa kwa gari linalobeba familia na mizigo.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni fundi, na kwa heshima zote sikubaliani nawe kuhusu EJ25. Wateja wengi ninaowapokea hawamudu kushusha injini, kupeleka hedi kwenye mashine na kununua vifaa vyote hivyo. Injini ya mtumba inafungwa kwa siku moja au mbili na mteja anaondoka. Kwa nini tuwatwishe gharama ya kufufua injini ya zamani?

Mwanzisha uzi

Fundi, nakuheshimu, na kwa injini ambayo imeshachemsha mpaka hedi ikapinda au beringi za krankishafti zikagonga, nakubaliana nawe moja kwa moja: kuitengeneza ni kutupa pesa. Tunapotofautiana ni pale gasketi inapovujia nje tu na injini ingali na nguvu zake. EJ25 ya mtumba hutoka kiwandani na muundo ule ule, na hakuna anayejua ilichemshwa mara ngapi kabla haijatolewa kwenye gari lake. Mteja anabadilishana ugonjwa anaoujua na ugonjwa asioujua.

Nikubaliane nawe katika njia ya kati. Kama injini ya mtumba ndiyo uamuzi, basi ikiwa bado iko chini, kabla haijaingia kwenye gari, ipimwe kompresheni, ifungwe gasketi mpya, mkanda, pampu ya maji, thamostati na sili. Kazi ya kuishusha itakuwa haipo, maana imeshashuka. Mteja aelezwe hesabu hiyo tangu mwanzo, aamue mwenyewe.

Mchangiaji wa pili

Hapo sawa. Ila wengi wakishasikia hesabu hiyo huchagua kufunga kama ilivyo.

Mchangiaji wa tatu

Habari zenu kaka zangu. Mimi nina Forester ya 2007 niliyoinunua karibuni, isiyo ya turbo. Hakuna karatasi yoyote inayoonyesha kama mkanda wa taimingi uliwahi kubadilishwa, na aliyeniuzia anasema ulibadilishwa na mmiliki aliyemtangulia. Je, nisubiri dalili?

Mwanzisha uzi

Dada, usisubiri. Mkanda wa taimingi hukatika bila kutoa taarifa, na katika injini hizi ukikatika pistoni hugonga vali zilizobaki wazi na kuzipinda, na hapo unarudi kwenye kushusha hedi zote mbili. Forester zisizo za turbo zilianza kupewa injini za FB zenye cheni mwishoni mwa 2010, kwa hiyo ya kwako ni ya mkanda. Bila karatasi, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Fundi afungue kifuniko cha mbele na autazame: nyufa kwenye mgongo, meno yaliyolika, maandishi ya kiwandani yaliyofutika. Lakini hata ukionekana mzima, umri nao hesabu. Mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Nunua seti kamili, yaani mkanda, tenshona (kikaza mkanda) na puli zake za kuongozea, pamoja na pampu ya maji, kwa sababu puli moja iliyokwama inatosha kuukata mkanda mpya. Fundi akishafunga, azungushe krankishafti kwa mkono mizunguko miwili kamili na kuhakiki alama kabla ya kugusa ufunguo. Kisha andika kilomita na tarehe kwenye kibandiko na ukibandike ndani ya chumba cha injini, hesabu ya kilomita 100,000 ianzie hapo.

Wakati kifuniko hicho kiko wazi, mwambie amulike pia ukingo wa chini wa hedi zote mbili. Kama ni mikavu, huna cha kufanya kwa sasa. Kama kuna unyevu, asafishe kabisa, utembelee gari wiki mbili, kisha arudi kuangalia.